Konvata ya Mbio

Githongo,
19 Februari 1995

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi binti yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko mtaa wa Dallas, Embu, na kile kikohozi cha vumbi la breki kimepungua. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo. Hajaniambia nikusalimie lakini pia hajanikataza, kwa hivyo nakusalimia kwa niaba yake.

Najua nimekaa tangu Krismasi bila kuandika. Si kwamba nilikusahau. Unajua vile niko, mbele ya watu maneno hunikauka, na hata kwa karatasi huchukua siku kadhaa kabla hayajatoka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu changu kimeanza kuchanganyika na Kimeru miaka hii miwili tuliyokaa huku kwa baba yake Mama, na Kiingereza ulisema ni cha kuandikia serikali.

Baba, Babu amenunua gari. Kahawa imelipa vizuri, kila mtu hapa anaezeka mabati au ananunua ng'ombe wa gredi, lakini Babu akasema yeye ng'ombe anao. Ni stesheni wagoni ya Kijapani iliyotumika, rangi ya maziwa yaliyolala, na ni otomatiki. Haina klachi ya mguu. Kwenye barabara ya lami inakwenda vizuri sana. Shida ni mlima wa kutoka mtoni mpaka kwetu. Injini inalia, moshi unatoka, na gari linatambaa kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Ijumaa akina mama waliobeba kuni walitupita. Mmoja akasema, "Mzee Hezekiah, shuka uliweke mgongoni, tutakusaidia kamba!" Babu hakucheka.

Sasa Mjomba Gedion amekuja kutoka Nairobi na kitu kinaitwa konvata. Ni kama sufuria mbili zilizofunikwa mdomo kwa mdomo zikachomelewa, nzito sana, na anasema hukaa kati ya injini na giaboksi na kupeleka nguvu. Hii yake ni ya mbio, ilitolewa kwenye gari la mashindano. Babu akauliza nani ataifunga. Mjomba akasema mafundi wa hapa wanajua trekta tu. Kisha Babu akasema, na haya ni maneno yake kabisa: "Gachoki si fundi? Aje aifunge. Gari likipanda, nitachinja mbuzi, tuketi tuzungumze habari ya Kiende kurudi kwake."

Mimi na Mama tulikuwa tunachambua maharagwe. Aliposikia jina lake mikono yake ilisimama. Halafu ikaendelea.

Baba, njoo.

Ni mimi mwanao,
Kaari


Embu,
3 Machi 1995

Kaari mama,

Salamu kwa jina la Bwana. Mimi niko salama, kikohozi ni kile kile, tumezoeana. Nilifurahi kuona mwandiko wako. Nakuita mama na unajua sababu, jina ulilobeba ni la mama yangu, kwa hivyo ukiniambia njoo ni kama yeye ameniita.

Lakini nisikilize kifundi kwanza. Otomatiki nimefungua tatu tu maishani mwangu na zote zimenifundisha adabu. Konvata si dawa ya giaboksi mgonjwa. Ndani ya giaboksi kuna sahani nyembamba zinazobanana ili gari liende. Gari likizeeka sahani zinalika. Konvata ya mbio huacha injini ipige kelele kwanza, ndipo ishike, na ikishika inashika kwa ghafla, na inatoa moto mwingi. Giaboksi changa inavumilia. Iliyochoka haimalizi miezi mitatu.

Basi nifanyie mambo mawili. La kwanza, angalia mpira wa pedali ya breki. Mita ya kilomita wale wanaouza hurudisha nyuma, lakini mpira wa pedali hakuna anayekumbuka kuubadilisha. La pili, injini ikiwa moto inanguruma, toa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, liache likauke, unitumie kwa bahasha. Tone likiwa jekundu safi, nitakuja. Likiwa la kahawia na linanuka kama ugali ulioshika sufuria, sitakuja kufunga kitu. Nitamwandikia mzee kwa heshima atafute giaboksi nyingine kwanza.

Usimwambie nimesema hivi. Yeye ni muthoni wangu, mkwe hakataliwi na mtoto wala hakataliwi kwa uvumi. Tone ndilo litasema.

Msalimie mama yako. Mwambie mti wa parachichi uliopandwa naye umezaa.

Baba yako,
Gachoki


Githongo,
12 Machi 1995

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima, isipokuwa mvua imechelewa na watu wanaangalia mlima kila asubuhi kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Nimefanya ulivyosema. Mpira wa pedali ya breki umelika upande wa kulia mpaka chuma kinaonekana. Mita inasoma kilomita elfu themanini na moja. Tone la oili hili hapa kwa karatasi. Nililikausha kwa meza yangu.

Salamu za parachichi nimefikisha. Mama aliuliza, "Ni makubwa?" Nikasema sijui, baba hakuandika. Akasema, "Yeye huwa haandiki kilicho cha maana." Lakini jioni aliniuliza tena kama ulisema ni makubwa.

Shule zinafungwa mwanzo wa Aprili. Njoo wakati huo niwe nyumbani.

Mwanao,
Kaari


Embu,
24 Machi 1995

Kaari mama,

Hamjambo? Mimi sijambo. Nimepata karatasi. Nililipeleka tone kwenye mwanga, nikanusa, nikampa na mwenzangu hapa gereji anuse. Jekundu safi, harufu tamu. Kusema kweli ile pedali imenitia wasiwasi, lakini oili haidanganyi. Labda mwenyewe wa huko Japani alikuwa mtu wa kutunza.

Nitafika Jumamosi tarehe 8 Aprili na jeki mbili na spana zangu. Kazi ni siku mbili. Mwambie mzee atafute magogo manne ya mgrevilea, manene, ya kuinulia gari, na mahali pakavu. Watu watatu wa kusaidia kushusha giaboksi wanatosha. Asilete umati.

Parachichi ni makubwa. Nitabeba.

Baba yako


Githongo,
7 Mei 1995

Kwa Baba mpendwa sana,

Salamu kama mchanga wa mto Kathita! Hali zetu ni njema mno, na najua yako pia, kwa sababu uliondoka hapa umeshiba mbuzi.

Baba, gari linapanda! Unajua ulipoondoka Babu alikuwa bado analiendesha kama amebeba mayai. Sasa ameanza kulizoea. Anakanyaga, injini inanguruma kwanza kama imekasirika, watu wanageuka, halafu gari linaruka. Mlima wa mtoni linameza. Jumapili iliyopita alipita lile lori la kiwanda cha kahawa tukiwa ndani watu saba, bibi wawili wa kanisa nyuma wakiimba na kupiga kelele, "Pole pole Hezekiah, mbinguni tutafika tu!" Babu anasimama kwa kila mtu barabarani na kusema, "Hii kazi ni ya mkwe wangu. Mwembu huyo." Zamani alikuwa akisema Mwembu kwa mdomo mwingine.

Mama ametoa lile sanduku la bati juu ya dari, amelifuta. Hajaweka kitu ndani. Ameliweka tu chini ya dirisha likiwa wazi, eti lipigwe na hewa. Babu amesema tunaweza kuondoka Desemba baada ya kahawa, nami nimalizie kidato cha nne huko Embu nikipata nafasi.

Nilikuwa na haya kukuambia ulipokuwa hapa, lakini nilipenda ulipoizungusha ile konvata taratibu kwa mikono mpaka ikagonga mara tatu na kuingia yenyewe. Mjomba Gedion alitaka kuivuta kwa bolti. Ukamwambia, "Ukiivuta kwa nguvu utavunja pampu, na hutajua umevunja mpaka uwashe." Ulisema bila kupandisha sauti na watu wote wakanyamaza. Sikuwa nimewahi kuona watu wakikunyamazia.

Mwanao mwenye furaha,
Kaari


Embu,
20 Mei 1995

Kaari mama,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi niko hivyo hivyo.

Mwambie babu yako asibebe watu saba. Asishindane na malori. Akifika juu ya mlima asimame, aache injini ipoe kabla ya kuizima. Na safari za mbali, kama za Meru mjini, apunguze. Mwambie ni ushauri wa kawaida tu wa konvata ya aina hii, usimtie hofu.

Oili ikianza kunuka, niandikie siku hiyo hiyo. Niandikie ilivyo.

Baba yako


Githongo,
2 Julai 1995

Kwa Baba,

Salamu. Natumaini u mzima. Sisi huku si wazima.

Dada mkubwa wa Babu, Nyanya Igoki, amefariki. Alikuwa mgonjwa siku nyingi, unamkumbuka, ndiye alikuuliza kama Embu kuna baridi. Babu alikataa gari la kukodi. Alisema dada yake atatoka hospitali Meru kwa gari la nyumbani. Viti vya nyuma vilikunjwa, jeneza likaingia, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba. Wanaume watano wakajibana mbele na pembeni. Sisi tulikuwa tunangoja juu ya mlima, kwaya imepangwa, kasisi amefika.

Tulisikia injini mtoni. Ikalia, ikalia. Gari likafika nusu ya mlima, tukaliona, halafu likaanza kurudi nyuma. Injini bado inanguruma kwa nguvu zote lakini gari linarudi nyuma, Baba, na Nyanya ndani. Watu wakakimbia na mawe kuweka chini ya magurudumu. Chini ya gari palikuwa panatoka moshi na harufu ilitufikia mpaka pale juu.

Jeneza lilibebwa kwa mabega. Kulikuwa na tope. Mara mbili lilitaka kuanguka. Yule mama wa kuni alikuwepo na hata yeye hakusema neno.

Baada ya maziko wazee wawili walikaa na Babu. Mjomba Gedion akasema konvata ilikuwa nzima, aliikagua kwa macho yake akiinunua, kwa hivyo aliyeharibu ni fundi. Babu akasema, "Nilimfungulia mlango, akala nyama yangu, akaniwekea aibu ndani ya gari ili ingoje siku ya msiba." Wanaamini ulifanya makusudi, kulipiza kwa sababu Mama alikuacha. Babu akasema yule mbuzi wa Aprili hakuliwa, yaani mapatano yamefutwa. Mzee mmoja akauliza, "Kwani alitapikwa?" Babu akarudia, hakuliwa.

Sanduku la Mama limerudi darini.

Tafadhali andika. Mwandikie Babu mwenyewe, umweleze.

Mwanao,
Kaari


Githongo,
30 Julai 1995

Kwa Baba,

Wiki nne na hujaandika. Sijui kama ni ugonjwa, sijui kama ni hasira. Kama ni hasira, barua hii itakuonyesha wa kumkasirikia.

Nimeianza mara nyingi nikachana. Leo sichani.

Lile tone nililokutumia halikutoka kwa giaboksi. Nilitoa kijiti kama ulivyonielekeza, siku ya kwanza, injini ikiwa moto. Oili ilikuwa nyeusi na kahawia, inanuka ugali ulioungua vile vile ulivyosema, kama kwamba ulikuwa umesimama hapo. Nilidondosha kwa karatasi na ikatoa duara chafu. Nilikaa nayo chumbani. Nikasoma tena barua yako pale umeandika "sitakuja kufunga kitu." Nikawaza ukikosa kuja mara hii, Babu hatakuita tena. Anaita mtu mara moja. Mjomba alikuwa ameleta mikebe sita ya oili mpya, iko stoo nyuma ya mbolea. Nilifungua mmoja nikachovya kijiti cha kiberiti. Duara la kwanza nililichoma jikoni, na Mama akauliza nani anachoma plastiki.

Nilijiambia nitakuambia ukifika. Ulipofika ulikuwa umevaa shati jeupe na umebeba parachichi kwa gunia, ukamsalimia Babu kwa mikono miwili, na Mama akakuletea maji ya kunawa. Ningesema saa ngapi? Nilikaa dirisha la jikoni siku zote mbili nikiangalia ukifungua bolti. Kila bolti nilisema, ikifika ile inayofuata nitatoka. Mpaka ukamaliza.

Na wazee walipokuwa wanakuhukumu, mimi ndiye nilikuwa nikipeleka chai. Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeshika birika. Mzee mmoja aliniambia, "Msichana, unamwaga," na ndilo jambo pekee lililosemwa nami siku hiyo.

Sikuombi unisamehe leo. Nataka tu ujue si wewe.

Kaari


Embu,
14 Agosti 1995

Kaari mama,

Nimekuwa mzima. Nilikuwa naogopa kuandika, basi.

Futa machozi. Nilijua.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, nilipofungua sinia la chini la giaboksi, oili iliyotoka ilikuwa uji wa mkaa. Ile sumaku ndogo ya kukusanya chuma ilikuwa imeota manyoya. Zile sahani zilikuwa zimebaki karatasi. Konvata ya zamani nayo ilikuwa imekufa, na ndiyo sababu mpya iliweza kulipandisha gari kwa muda, ikakudanganya na wewe. Kisha nikaenda stoo kuchukua oili mpya, nikakuta mkebe mmoja kifuniko chake kimefunguliwa na umepungua kidogo tu. Nikajua karatasi ilitoka wapi, na mkono wa nani.

Sikukasirika. Nitakuambia kweli, nilifurahi kwamba kuna mtu alinitaka hivyo.

Ningefunga ile giaboksi na kumwambia mzee ukweli. Nilinyanyuka kabisa nimwendee. Lakini mzee hakungoja gari lipande, mbuzi alikuwa ameshaning'inizwa, na mzee akaniita mwanangu mbele ya Gedion. Mama yako alikuwa amesimama na beseni. Nikarudi chini ya gari. Ule uchafu nikaumwaga nyuma ya choo kabla hajauona mtu, nikaosha sinia, nikaipangusa sumaku. Nikasema moyoni, Mungu akipenda itavumilia mpaka mje huku, ikifa baada ya hapo itakufa ya kwao.

Kwa hivyo tuko wawili. Lakini usimwambie mtu yeyote. Mimi huko jina langu limeshaharibika, hata wakiongeza halijai. Lako bado ni jipya. Acha wanitukane, mimi niko mbali sisikii. Choma barua hii.

Soma kwa bidii. Desemba nitakutumia nguo.

Baba yako anayekupenda


Githongo,
27 Agosti 1995

Kwa Baba,

Salamu. Sijaichoma barua yako. Nimempa Mama.

Nilidhani akiona kwamba kosa lilianza kwangu, na kwamba ulitaka kurudi kwetu mpaka ukakubali kuaibika, moyo wake utalegea. Alikuwa anakamua. Alimaliza kukamua, akanawa, akasoma amesimama, mara mbili. Nikangoja.

Akasema, "Kwa hivyo aliona."

Nikasema ndiyo lakini.

Akasema, "Wewe ulikuwa mdogo wakati wa ile cherehani, hukuelewa. Ndambiri, ndugu ya baba yako, alikuja kuichukua akauze, cherehani yangu niliyotoka nayo hapa kwa baba yangu. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Unajua alifanya nini? Alisogea kando, ampishe." Kisha akaikunja barua ikawa ndogo, akaitia ndani ya nguo kifuani. "Sikutoka Embu kwa sababu ya cherehani, Kaari. Na huyu sasa anakufundisha wewe kusogea."

Nilitaka kukutetea.

Baba, nimefikiri siku tano. Nimemwomba Babu aite wale wazee wawili Jumamosi tarehe 9 Septemba. Nilimwomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, akashangaa kuliko mimi. Sikumwambia ni ya nini. Nataka uje. Mimi nitasema la karatasi, wewe useme la sinia. Sitaki uombe Mama arudi, sitaki ulete kitu. Nataka useme tu ulichoona, ukiwa umesimama hapa, watu wakikuangalia. Nikisema peke yangu hawataniamini. Mimi ni mtoto na ni wako.

Nitakungoja pale barabarani karibu na kiwanda cha kahawa kuanzia asubuhi.

Mwanao,
Kaari


Githongo,
10 Septemba 1995

Kwa Baba,

Najua umepata barua yangu. Wawira, yule muuguzi wa huko Dallas anayefanya kazi huku, aliibeba alipokwenda likizo nyumbani, na aliporudi alisema alikupa wewe mwenyewe, ukaisoma ukiwa umekalia tairi, ukamwambia asante.

Nilikaa kiwandani tangu saa mbili. Watu walinipita wakienda sokoni, wakarudi, wakanikuta. Mzee wa mizani akaniletea kiti. "Unangoja nani?" Nikasema, baba yangu. Akasema, "Yule wa gari?" Nikasema, yule wa gari. Saa nane nikarudi nyumbani kwa sababu wazee walikuwa wamechoka kukaa.

Nilisema peke yangu. Nilisimama karibu na mlango, nikashika fremu, nikasema yote: oili nyeusi, mkebe wa stoo, duara nililolichoma jikoni. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, nyembamba, lakini haikukatika. Halafu nikasema, na Baba aliona akanyamaza kwa ajili yetu.

Wazee wakaangaliana. Nikafikiri, imeisha, imetoka.

Mjomba Gedion ndiye aliyecheka kwanza. Akasema, "Sikiliza Mwembu huyo. Ameshindwa kuja, amemtuma mtoto abebe mzigo." Wazee wakatikisa kichwa. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Alikuahidi nini, mwanangu? Nguo?" Nikasema, aliandika barua, iko hapa nyumbani, anakiri mwenyewe. Babu akauliza, "Iko wapi?"

Nikamwangalia Mama. Alikuwa ameketi kwenye kile kigoda cha pembeni. Barua alikuwa nayo, Baba. Niliona pembe yake juu ya kanga. Babu akamwangalia pia, kwa vile mimi nilikuwa nikimwangalia. "Kiende, kuna barua?"

Mama akatazama miguu yake. Akasema, "Sijui anazungumzia barua gani."

Babu akaniambia niketi.

Baadaye nilimfuata Mama kwenye boma la ng'ombe nikamuuliza kwa nini. Hakunigeukia. Alisema akiitoa, wazee watajua ni wewe tu hukuweza kusema, watasema basi mtu huyo si mbaya ni mwoga, na Babu atamsamehe mwoga, na atamrudishia mke wake. "Na mimi sirudi," akasema. "Heri wamchukie." Kisha akaniomba nimshikie ndama.

Sina la kukuomba tena. Sijui hata kama nina hasira na wewe zaidi au na yeye. Usiku najaribu kupima na siwezi. Hapa nyumbani watu wananiongelesha polepole siku hizi kama mgonjwa. Wanasema ulinitumia vibaya. Nikifungua mdomo kukanusha wananiambia pole.

Ukitaka kuniandikia uniambie umeelewa, usiandike. Hiyo nimeshapata. Babu yuko nyumbani kila Jumamosi, na njia unaijua. Ukija, njoo mchana, upite mlango wa mbele, uanze kusema kabla hujanawa mikono.

Mimi yangu nimesema.

Ni binti yako,
Kaari